Mita ya Unyevu Inapima Nini Hasa? Maji, Umeme na Mahindi ya Busia na Malaba

Mahindi yanayotoka Uganda kuingia Kenya kupitia Busia na Malaba huulizwa swali moja kabla ya mengine: yamekauka? Kiwango cha Afrika Mashariki cha punje za mahindi, EAS 2, kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5 ya uzito. Swali hilo lilipata makali mapya Machi 2021. Tarehe 5 mwezi huo Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya, AFA, ilisimamisha uingizaji wa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini, sumu ya kuvu wanaostawi kwenye mahindi yasiyokauka vizuri. Siku chache baadaye marufuku hiyo ikaondolewa kwa masharti: waagizaji wajisajili, shehena iwe na cheti kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na iwe na hati ya asili yake. Tangu hapo hakuna mfanyabiashara wa nafaka mpakani anayepaswa kuuchukulia unyevu kama jambo la kukadiria kwa meno.

Kwa meno ndivyo ilivyokuwa, na kwa wengi ndivyo ilivyo bado. Unang'ata punje, ikilia imekauka, ikibonyea rudisha kwenye turubai. Siku hizi kando ya meno kuna mita. Mpimaji anachota mahindi kutoka kwenye gunia, anayamimina kwenye kikombe cha mashine, anabonyeza, na baada ya sekunde chache namba inatokea. Kisha mabishano yanaanza.

"Mama, hii bado maji. Kumi na tano nukta mbili."

"Kijana wangu, ng'ambo wamepima asubuhi hii wakapata kumi na tatu nukta tisa. Hiyo mashine yako ina njaa?"

Mabishano hayo yana pesa ndani yake. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 16, likikaushwa hadi 13.5, hubaki na kilo 87.4. Kilo 2.6 zilizopotea ni maji matupu, zaidi ya gorogoro moja kwa kila gunia, na kwa lori la magunia 300 ni karibu kilo 800. Anayenunua hataki kulipia maji. Anayeuza hataki kukatwa kwa maji ambayo hayapo. Kila mmoja humshuku mwenzake kwamba mita yake imechezewa.

Wakati mwingine imechezewa kweli. Lakini hata mita mbili safi, mikononi mwa watu wawili waaminifu, zinaweza kutofautiana kwa mahindi yaleyale, na sababu yake imo katika mojawapo ya maswali yaliyowasumbua wanafizikia kwa karibu miaka 200: vitu vyenye molekuli za ncha mbili za umeme, maji yakiwa kinara wao, huitikiaje vinapowekwa ndani ya uga wa umeme? Nadharia yake imefika mbali sana kwa maji yaliyo kwenye glasi. Kwa maji yaliyo ndani ya punje, bado tunaongozwa na majedwali.

Tuanze na chombo chenyewe. Mita hiyo haigusi maji wala haiyatafuti. Ndani ya kikombe kuna bamba mbili za chuma, na kati yake mashine hujenga uga wa umeme unaogeuka mbele na nyuma mamilioni ya mara kwa sekunde. Kinachopimwa ni uwezo wa mahindi yaliyo katikati kuzisaidia bamba hizo kubeba chaji zaidi. Michael Faraday alilionyesha jambo hili mwaka 1837: ukiweka kioo au salfa kati ya vipitishi viwili, hubeba chaji nyingi kuliko vikiwa na hewa peke yake. Uwiano huo tuuite kigezo cha dielektriki. Cha ombwe ni 1. Cha dizeli ni 2 na kitu kidogo. Cha punje zilizokauka ni namba ndogo isiyofika 10. Cha maji, kwa nyuzi 20, ni 80.

Pengo hilo kati ya punje na maji ndilo riziki ya watengeneza mita. Maji kidogo yakiongezeka, namba inaruka. Zipo pia mita za aina nyingine, zenye sindano, ambazo hupima jinsi mkondo unavyopita kwenye punje. Wazo hilo ni la tangu 1908, Lyman Briggs alipopima ukinzani wa ngano nchini Marekani. Hizo hudanganyika haraka zaidi, maana punje iliyonyeshewa dakika tano kwenye foleni ya Malaba huwa na ngozi iliyolowa na moyo mkavu, na sindano huanza na ngozi. Nitakaa na zile za bamba.

Kwa nini maji yawe 80 na dizeli 2? Dizeli ni rahisi. Molekuli zake hazina ncha chanya wala ncha hasi. Uga ukija, mawingu ya elektroni husogea kidogo tu, na uga ukiondoka hurudi. Ottaviano Mossotti wa Italia mwaka 1850 na Rudolf Clausius wa Ujerumani mwaka 1879 walipata mlingano unaohusisha kusogea huko na wingi wa molekuli. Jambo lao la busara lilikuwa kutambua kwamba molekuli haiuoni uga wa bamba peke yake. Inaona pia uga wa jirani zake zilizovutwa. Hendrik Lorentz baadaye aliwapa hesabu safi ya ujirani huo kwa kufikiria tundu la mviringo kuizunguka molekuli. Kwa petroli, dizeli na mafuta ya taa, mlingano huo unafanya kazi vizuri mno.

Unaeleza hata jambo linalowahusu madereva wa matangi wanaolala Malaba wakisubiri hati. Kifaa cha dielektriki hakiwezi kumnasa mtu aliyechanganya dizeli na mafuta ya taa, kwa kuwa vyote viwili viko karibu na 2. Ndiyo maana Kenya hutia alama ya kikemikali kwenye mafuta ya taa na kwenye mafuta ya kupelekwa nje, badala ya kutegemea umeme. Lakini maji yaliyokaa chini ya tangi hujulikana mara moja: 80 dhidi ya 2 haihitaji mtaalamu.

Maji ni kesi nyingine. Molekuli yake imepinda. Oksijeni imejivutia elektroni, haidrojeni mbili zimebaki na chaji chanya, kwa hiyo kila molekuli ni dipoli ya kudumu hata pasipo uga wowote. Peter Debye, Mholanzi aliyezaliwa Maastricht, ndiye aliyeliweka hili katika nadharia mwaka 1912. Uga unataka kuzigeuza dipoli zote zielekee upande mmoja, joto linazivuruga. Kinachobaki ni mwelekeo mdogo wa wastani, na mwelekeo huo hupungua kadiri joto linavyopanda. Kwa gesi na mvuke, nadharia ya Debye ni mojawapo ya vitu vizuri zaidi katika fizikia: pima kigezo cha mvuke katika nyuzi mbalimbali, chora mstari, na mteremko wake unakupa nguvu ya dipoli. Mvuke wa maji una mteremko, kabonidioksidi haina, na papo hapo unajua kwamba molekuli ya maji imepinda na ya kabonidioksidi imenyooka. Kipimo cha nguvu hiyo kinaitwa kwa jina lake. Maji yana debye 1.85.

Tatizo lilikuja pale nadharia hiyo ilipohamishwa kutoka kwenye mvuke kwenda kwenye maji yenyewe. Ukichukua dipoli ya Debye ukaiingiza katika ujirani wa Lorentz, kila molekuli inayogeuka huwavuta jirani, nao huivuta zaidi, mpaka hesabu inalipuka. Jibu lake ni kwamba maji yote yaliyo chini ya nyuzi 800 na zaidi yanapaswa kujipanga yenyewe, dipoli zote upande mmoja, kama sumaku lakini ya umeme. Ziwa Victoria lingekuwa na ncha ya kaskazini na ya kusini. Wanafizikia waliliita janga, na kwa karibu robo karne hakuna aliyejua vizuri kosa liko wapi.

Aliyeliona ni Lars Onsager, Mnorwe aliyekuwa Yale. Hoja yake ya mwaka 1936 ina urahisi unaokera. Molekuli yenye dipoli huwavuta jirani zake, nao huelekea kule inakoelekea yenyewe. Sasa, uga unaorudishwa na majirani hao siku zote uko sambamba na dipoli iliyousababisha. Hauwezi kuigeuza, kwa kuwa tayari unaelekea ilikoelekea. Lorentz alikuwa amehesabu uga huo kama nguvu ya kugeuza, wakati ni mwangwi tu. Ondoa mwangwi kwenye hesabu ya kugeuza na janga linatoweka kabisa. Inasimuliwa kwamba Onsager aliipeleka makala hiyo kwa jarida lililohaririwa na Debye mwenyewe, naye akaikataa kwa kuona haisomeki, ikachapishwa Marekani. Mwaka uleule Debye alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Onsager alipata yake mwaka 1968, kwa kazi nyingine.

Onsager aliokoa maji yasiwe sumaku ya umeme, lakini hakuyafikisha 80. Ukitumia mlingano wake na debye 1.85 unapata karibu 30. Zaidi ya nusu ya jibu haipo, na sehemu hiyo ndiyo yenye utamu.

Chukua asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha inayouzwa kwa vichupa vidogo katika soko la Busia. Molekuli ya asetoni ina dipoli ya takriban debye 2.9, kubwa kuliko ya maji kwa zaidi ya nusu. Kigezo chake ni 21 tu. Ni kweli kwamba lita moja ya maji ina molekuli mara nne ya zile za lita ya asetoni, na idadi husaidia. Lakini idadi hiyo imeshahesabiwa katika mlingano wa Onsager. Kwa asetoni mlingano huo unatoa namba iliyo karibu sana na kipimo, na kwa maji unakosea kwa zaidi ya mara mbili. Kuna kitu ambacho maji yanafanya na asetoni haifanyi.

John Kirkwood alikitaja mwaka 1939. Onsager alikuwa amewachukulia majirani kama bahari moja laini isiyo na sura. Katika maji hakuna bahari ya hivyo. Kila molekuli imeshikana na nyingine nne hivi kwa vifungo vya haidrojeni, katika pembe maalumu, na vifungo hivyo huzilazimisha dipoli za majirani kuelekea kwa kiasi fulani upande mmoja. Abiria waliobanana kwenye kiti cha nyuma cha matatu wanaelewa: mmoja hageuki peke yake. Uga unapoigeuza molekuli moja ya maji, unageuza kikundi. Kirkwood aliweka kipimo cha ushirika huo, herufi g, ambacho ni 1 pale majirani wanapokuwa hawana habari na wewe. Kwa asetoni g ni karibu 1. Kwa maji ni kati ya 2.5 na 3, na hapo ndipo 80 inapopatikana. Herbert Fröhlich, katika kitabu chake cha mwaka 1949 juu ya nadharia ya dielektriki, aliijenga upya hesabu yote kwa msingi mpana zaidi, na wanaoiendeleza leo kwa kompyuta kwa kiasi kikubwa wamesimama juu yake.

Vileo navyo viko upande wa maji. Ethanoli ina dipoli ya debye 1.7 lakini kigezo chake hufika 24 au 25, kwa kuwa molekuli zake hushikana kwa minyororo. Methanoli, ile inayopofusha na kuua watu katika pombe haramu, iko karibu 33. Nimewahi kuulizwa kama mita ya umeme ingeweza kuitambua waragi yenye sumu inayovushwa usiku. Haiwezi. Waragi ni mchanganyiko na maji, na maji kidogo zaidi au kidogo pungufu hupandisha na kushusha namba kuliko methanoli inavyofanya.

Janga lililokuwa kweli

Kabla ya kurudi kwenye punje, kuna mchepuko mmoja ambao siwezi kuuruka. Lile janga ambalo Onsager alilifuta kwenye vimiminika lipo katika baadhi ya yabisi. Joseph Valasek alilishuhudia Minnesota mnamo 1920 katika chumvi ya Rochelle: fuwele yenye upande chanya na upande hasi wake yenyewe, ambao unaweza kugeuzwa kwa uga. Miaka ya 1940 likaonekana kwenye bariamu titanati, mchanga mweupe usio na mvuto wowote kwa macho. Chini ya nyuzi 120 hivi ioni za titani husogea kutoka katikati ya kibanda chao cha oksijeni, zote upande mmoja, na kigezo cha dielektriki hupanda hadi maelfu. John Slater alionyesha mwaka 1950 kwamba hapa ule ujirani wa Lorentz unafanya kazi barabara, tena kwa nguvu zaidi ya kawaida kwa sababu ya jinsi titani na oksijeni zilivyopangana kwenye mstari. Tofauti na maji ni kwamba ioni hizi hazizunguki. Zinasogea, na kusogea kwa moja huivuta nyingine kwelikweli. Mwaka 1960 hivi William Cochran aliliona jambo lilelile kwa jicho jingine: mtetemo mmoja wa fuwele unaolegea kadiri joto linavyoshuka, mpaka unakwama.

Nadharia ya yabisi iliendelea hadi mahali pa ajabu. Mwaka 1993 King-Smith na Vanderbilt walionyesha kwamba upolari wa fuwele, yaani huo upande chanya na upande hasi wake, hauwezi kusomwa kwa kuangalia chaji ziko wapi. Kinachopimika ni mabadiliko yake tu, na yanasomwa kwenye awamu ya mawimbi ya elektroni. Kwa msomaji wa mpakani inatosha kujua kwamba bariamu titanati imejaa ndani ya simu yake, kwenye kapasita ndogo kuliko punje ya mchele, na kwa kila hali imo pia ndani ya mita ya unyevu inayobishaniwa. Chombo kinachopima kigezo cha 3 au 4 kinafanya kazi kwa msaada wa kapasita zenye kigezo cha maelfu.

Maji yaliyofungwa

Sasa punje. Kama maji yaliyo ndani ya mahindi yangekuwa maji ya glasi, mita ingekuwa jambo dogo: chukua 80, chukua kigezo cha wanga mkavu, changanya kwa uwiano. James Maxwell Garnett alitoa mlingano wa mchanganyiko mwaka 1904 na Dirk Bruggeman wake mwaka 1935. Hiyo peke yake ingekuwa na usumbufu wake, maana kikombe cha mahindi kina kitu cha tatu, hewa, na ukimimina taratibu punje hulala tofauti na ukimimina kwa kishindo. Ndiyo sababu mita nzuri zina mizani ndani na maelekezo ya jinsi ya kumimina, maelekezo ambayo katika pilikapilika za soko ni nadra kufuatwa.

Lakini maji ya punje si maji ya glasi. Asilimia chache za kwanza zimeng'ang'ania wanga na protini. Kila molekuli imeshikwa na kitu kizito kisichozunguka. Ushirika wa Kirkwood umevunjwa, na uhuru wa kugeuka umepungua sana. Mwaka 2018 watafiti wa Manchester, akiwemo Andre Geim, walipima maji yaliyobanwa katika nafasi yenye unene wa molekuli chache na kukuta kwamba, katika mwelekeo unaosimama juu ya ukuta, kigezo chake kimeanguka hadi karibu 2. Sawa na dizeli! Maji yaleyale, yakikosa nafasi ya kugeuka, huwa kama hayana ncha.

Kwa hiyo asilimia 8 ya kwanza ya unyevu wa mahindi huinua namba ya mita kidogo sana kuliko asilimia zinazofuata. Wakulima wetu wana kipimo chao kinachoujua ukweli huu bila umeme: chumvi kavu na mahindi ndani ya chupa kavu, tikisa, acha kwa muda. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 hivi. Isipoganda, mahindi yanafaa. Chumvi nayo hunasa maji yaliyolegea tu. Ni kipimo cha bei ya chumvi, na nakiamini kuliko mita ya bei rahisi ambayo haijawahi kulinganishwa na kitu chochote.

Kisha kuna muda. Dipoli huchukua muda kugeuka. Debye alilihesabu hili pia: katika maji huru ya nyuzi 25, muda huo ni takriban pikosekunde 8, yaani sehemu 8 za trilioni ya sekunde. Uga ukigeuka polepole kuliko hapo, maji hufuata yote. Ukigeuka haraka zaidi, yanaachwa nyuma na kigezo kinaporomoka. Kwa maji huru poromoko hilo liko karibu na gigahezi 19. Katika barafu molekuli zilezile huhitaji makumi ya mikrosekunde, zaidi ya mara milioni moja. Barafu ikipewa uga wa polepole ina kigezo kinachokaribia 100. Ikipewa uga wa gigahezi kinabaki 3 na kidogo.

Maji ya punje yako kati ya hayo mawili, na hayana muda mmoja bali mtawanyo wa nyakati, jambo ambalo ndugu wawili Kenneth na Robert Cole walilipatia mlingano mwaka 1941. Mita nyingi hufanya kazi kwenye megahezi 1 hadi 20. Katika masafa hayo baadhi ya maji yaliyofungwa hufuata uga, mengine hayawahi, na kiasi gani kinawahi kinategemea joto.

Hapa ndipo nadharia ya glasi inapogeuzwa kichwa chini, na ndipo mabishano mengi ya mpakani yanapozaliwa. Kwa maji huru, joto hupunguza kigezo: kutoka 88 kwenye nyuzi 0 hadi 80 kwenye nyuzi 20, kama Debye alivyotabiri, kwa kuwa joto huvuruga mpangilio. Mtu aliyesoma kitabu cha fizikia angetarajia mahindi ya moto yaonekane makavu. Kinachotokea ni kinyume. Joto hulegeza maji yaliyofungwa, molekuli zilizokuwa zikichelewa zinaanza kuwahi, na ioni za chumvi ndani ya punje nazo zinatembea kwa urahisi zaidi. Kigezo kinapanda. Mahindi ya moto huonekana yana maji mengi kuliko yaliyo nayo, kwa takriban sehemu moja ya kumi ya asilimia kwa kila nyuzi moja ya joto.

Weka hesabu hiyo Busia. Mahindi yaliyolala ghalani usiku yako nyuzi 18. Yaleyale yakianikwa kwenye turubai kando ya lami mpaka saa saba mchana yanapita nyuzi 30 bila shida. Tofauti ya nyuzi 12 ni zaidi ya asilimia moja ya unyevu. Mahindi ya 13 yanasomeka 14.2, na mama aliyeyapima asubuhi ng'ambo hana namna ya kuelewa kilichotokea isipokuwa kuamini kwamba ameibiwa. Mita nyingi zina kipimajoto cha kusahihisha, ndiyo, lakini kipimajoto hicho mara nyingi kiko kwenye kikombe, na kikombe kilichokaa kivulini hakilingani na punje zilizotoka juani sekunde ishirini zilizopita. Mfumo unasahihisha joto la plastiki. Kuacha sampuli kivulini nusu saa pamoja na mita kabla ya kupima kungepunguza ugomvi kuliko ukaguzi wowote wa mita zenyewe.

Njia ya kupunguza tatizo hili kwa fizikia ipo pia. Idara ya Kilimo ya Marekani, baada ya miongo ya vipimo ambamo jina la Stuart Nelson linajirudia, ilihamia kwenye mbinu inayotumia megahezi 149. Kwenye masafa hayo mchango wa ioni na wa nyuso za ndani ya punje ni mdogo, na nafaka za aina nyingi hukubali kusomwa kwa mkunjo mmoja wa pamoja. Mita za namna hiyo ni ghali na si za kubeba begani.

Hata hizo bado ni majedwali. Nadharia inasema masafa gani yatumike na joto lisahihishwe upande gani. Haiwezi kusema kwamba namba fulani ya kigezo ni unyevu wa 13.5 katika punje uliyoshika. Hilo hupatikana kwa kupima mamia ya sampuli kwa mita, kisha kuzikausha kwenye tanuri la nyuzi 103 kwa saa 72, kupima uzito uliopotea na kuchora mkunjo. Lori haliwezi kusubiri siku tatu Malaba, kwa hiyo kazi hiyo lazima iwe imefanywa kabla. Mara nyingi imefanywa mbali, kwa mahindi ya manjano ya Marekani, wakati yanayovuka hapa ni meupe: Longe 5 ya Uganda, H614 ya Kenya, na mchanganyiko wa kila kitu uliokusanywa na madalali kutoka vijiji kumi. Ugumu wa punje, mafuta ndani yake na jinsi zinavyolala kwenye kikombe ni tofauti.

Na kuna jambo ambalo mita haitalisema kamwe, hata ikiwa ya megahezi 149. Masharti ya 2021 yalihusu aflatoksini, na unyevu ni dalili tu ya hatari: kuvu wa Aspergillus flavus hustawi kwenye mahindi yasiyokauka vizuri. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na wilaya jirani watu 317 waliugua na 125 wakafa. Kikomo cha sehemu 10 kwa bilioni ni miligramu 0.9 katika gunia la kilo 90, na robo gramu na ushei katika lori la tani 28. Kwa uga wa umeme kiasi hicho hakipo kabisa. Maji yaliyo kwenye punje moja yanakifunika kile cha gunia zima. Zaidi ya hapo, mahindi yaliyooza kwa kuvu mwezi uliopita na kukaushwa vizuri wiki hii yatasomeka 12.8 na kupita. Anayepima unyevu mpakani anapima hatari ya kesho. Sumu ya jana inahitaji kipimo cha kemikali, na kipimo hicho kina bei yake na foleni yake.

Kwa hiyo namba ya mita, kwa matumizi ya soko, ichukuliwe na nusu asilimia juu na nusu asilimia chini. Kati ya 13.4 na 13.7 hakuna tofauti ambayo chombo cha mkononi kinaweza kuitetea, na kulikataa gunia kwa pengo hilo ni kulikataa kwa bahati nasibu. Shirika la viwango la Uganda, UNBS, na wenzao upande wa Kenya wanatumia EAS 2 ileile. Wakikubaliana pia juu ya sampuli moja ya pamoja ya Longe na H614, iliyokaushwa kwenye tanuri moja na kusomwa na mita za pande zote mbili za mto Malaba, mkunjo wake utakuwa tayari kabla ya msimu wa mavuno kwisha.